Sensa ya ABS ya mbele kwa Toyota: orijino, mtumba au kopi?

Sensa ya ABS husoma mwendo wa gurudumu ili breki zisifunge tairi likateleza. Ukiitafuta, kaunta ya spea itakuwekea tatu mezani: orijino kwenye boksi la Toyota, mtumba iliyochomolewa kwenye gari la Japani, na kopi. Ukizipanga zinafanana kama mapacha. Ubovu wa kopi mara nyingi hauko kwenye kichwa cha sensa, uko kwenye waya wake.

Waya wa kopi hupungua sentimita mbili tatu. Magurudumu yakiwa yamenyooka huoni kitu. Kata usukani hadi mwisho uone ulivyokaza kama kamba ya kuanikia nguo. Baada ya muda nyuzi zinakatikia ndani kwa ndani, taa ya ABS inarudi, lawama anabeba fundi. Halafu kuna urefu wa ncha, ile inayosoma ringi ya meno inayozunguka na gurudumu. Ikipungua hata milimita moja, mawimbi yanadhoofu gari likienda polepole: unakaribia kusimama kwenye lami kavu, pedali ya breki inatetemeka kana kwamba upo kwenye utelezi. Ikizidi, inasagwa na meno ya ringi.

Mtumba ni chaguo zuri ukijua kuikagua. Kunja waya pale unapoingia kwenye raba za kushikilia. Ukiona nyufa, irudishe. Kama ni ya koili (aina ya zamani, isiyolishwa umeme), weka mita kwenye pini mbili: nyingi husoma kati ya kilo-ohm 1 na 2.5. Tikisa waya huku unapima, namba ikirukaruka ujue umekatika. Aina ya kisasa inayolishwa umeme haipimiki kwa ohm, kwa hiyo usiondoke dukani bila makubaliano ya kubadilishiwa.

Kwa orijino, soma namba ya spea. Ya mbele kulia huanza na 89542, ya kushoto 89543. Muuzaji akisema "zinaingiliana tu", mwache nazo. Vishikizo na mkunjo wa waya havilingani.

Ila usitoe hela kabla ya kusoma kodi, yaani namba ya hitilafu inayotolewa na mashine ya kupima gari. C0200 ni mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Kodi inakuonyesha gurudumu, haijathibitisha kuwa sensa imekufa. Chomoa soketi uangalie kutu ya kijani, kagua meno ya ringi, na uulize kama beringi imebadilishwa karibuni: zile zenye sumaku upande mmoja zikifungwa kinyume, hata sensa mpya haisomi kitu. Nyuma, kwenye modeli nyingi, sensa imo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), na bei inabadilika kabisa.

Kufunga ni kazi ndogo, isipokuwa kutu. Jeki, stendi, toa tairi, legeza plastiki ya ndani ya madigadi, chomoa soketi, fungua vishikizo, kisha boliti ya spana namba 10. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanaingiza bisibisi na kukwanyua, sikio la plastiki linabaki mkononi na ncha inabaki tunduni kwenye nakoli, chuma kinachobeba gurudumu. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha zungusha kulia na kushoto hadi itoke yenyewe. Safisha tundu na uso inapokalia kwa msasa. Kutu ikibaki chini inainyanyua sensa, na unarudi kwenye pedali ile inayotetemeka. Grisi kidogo ukutani mwa tundu, nchani hapana. Boliti inataka nguvu ya kukaza ya takriban Nm 8 tu, usiikaze kama nati ya tairi.

Kodi ifutwe kwa mashine, gari litembezwe, isomwe tena. Na fundi akitaka kukata waya wa zamani na kuunga sensa mpya kwa selotepu, mkatalie: maji yanaingia kwenye kiungo, na mvua ya kwanza taa inawaka.

Kopi? Ipimishe urefu na ya zamani hapohapo kaunta, waya kwa waya, ncha kwa ncha. Zikitofautiana, ongeza hela uchukue orijino.