Nyumba ya wageni Jambiani, Iddi ya wimbi la tatu: bi mkubwa nampa nyota zake, chandarua hapana

Wadau mnaoulizia pa kulala Zanzibar bila kuingia kwenye mahoteli makubwa, mi nawatajia hii ya Jambiani, geti la buluu, mti mkubwa wa mkungu mbele yake, ukifika ulizia kwa bi mkubwa wa vyumba sita utapelekwa. Jina siweki, anafanya kazi kwa simu tu na hajaniomba nimtangaze. Tulienda ukoo mzima Iddi kubwa ya Julai 2021, wimbi la tatu la corona limepamba moto, kwa hiyo nitaongea sana habari za corona kuliko mashuka. Mashuka yalikua masafi, basi.

Kwanza mjue kupanga matembezi mwaka ule na ndugu zako ilikua kazi ya kulipwa. Kaka yetu mkubwa msimamo wake ulikua kwamba corona iliisha Aprili 2020, tuliambiwa tuombe siku tatu tukaomba ikaondoka, ukimbishia anakuletea lile papai na yule mbuzi ambao Rais Magufuli alisema sampuli zao zilikutwa nayo, eti vipimo gani hivyo. Shangazi yeye anaamini ipo na anaiogopa kabisa ila dawa yake ni nyungu, kujifukiza mvuke, na kweli alibeba blanketi na mfuko wa majani ya mkaratusi na mchaichai utadhani anahamia kijijini. Mama ana presha na sukari, kwenye grupu la WhatsApp haandiki kitu, ananipigia usiku pembeni, "hivi huko watu hawafi?" Nimjibu nini sasa? Takwimu zetu zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 kwenye wagonjwa 509, na tulikua tumetoka kwenye kipindi ambacho kila tangazo la msiba lilikua linasema changamoto ya upumuaji, wote tunaelewa na hakuna anayetamka. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, angalau chama chake kilitoka hadharani Januari 2021 kikasema ana corona, mwezi uliofuata tukamzika.

Ndo maana kila nilipopiga simu niliuliza vitu viwili tu, nani mwingine atakuwepo hapo, na hela yangu inakuaje mtu akiumwa. Kuna hoteli moja kubwa upande wa Nungwi dada wa mapokezi akanijibu "tunazingatia miongozo yote mpendwa", nikauliza miongozo ipi, kimya, baadae akanitumia picha ya swimingi puli. Kishika nafasi nusu ya bei na hairudi. Tukiugua? Hairudi. Serikali ikifunga? Hairudi mpendwa.

Bi mkubwa wa Jambiani nilimpata jioni, nasikia kabisa anakaanga kitu huku anaongea. Akaniambia, "Mwanangu mimi sikudanganyi, hamtokuwa peke yenu, kuna Wapoland wawili chumba cha nyuma, na mpishi wangu alikuwa hajisikii nimempumzisha, sasa napika mwenyewe, kama hamtaki mkono wangu semeni mapema." Nikacheka. Kishika nafasi elfu hamsini kwa chumba, ukiahirisha hela inakungoja, hakurudishii ila haipotei. Alafu akanigeuzia kibao, "Na nyinyi je? Kuna anayekohoa huko kwenu?"

Hilo swali nililipeleka kwenye grupu likawasha moto. Kaka alikasirika, yani sisi tunaenda kulipa alafu tunahojiwa, wakati kule kuna wazungu, wazungu ndo walioleta ugonjwa. Sasa hebu tuongee ukweli. Mgeni aliyetua Zanzibar toka nje tangu Mei 2021 alitakiwa aje na cheti cha PCR, kipimo cha corona cha maabara, kisichozidi saa 72, akifika uwanjani alikua anapimwa tena. Sisi tulitoka Tabata, Dar, tukapanda daladala iliyojaa mpaka mlangoni, tukaingia kwenye boti barakoa ziko kidevuni (za mia tano zile, zimenunuliwa nje pale ili tu upite), hakuna aliyetuuliza hata kama tuna mafua, na kaka mwenyewe alikua na kikohozi chake cha "vumbi". Kati yetu na wale Wapoland nani alipaswa kumuogopa mwenzake? Bi mkubwa alikua mtu wa kwanza kwenye safari nzima kutuona na sisi ni hatari, na mi hapo ndo nilipomuamini.

Pale kwenyewe hakuna mabango ya rangi wala mshale sakafuni. Kuna ndoo ya koki getini, sabuni ya mche imefungwa kwenye kipande cha neti isidondoke mchangani, na bi mkubwa amekaa kibarazani anakuangalia mpaka unawe. Chakula kinaliwa nje, meza zimetawanywa chini ya makuti, kila familia na bakuli lake. Madirisha ya vyumba yanatazamana, upepo wa kusi unapita moja kwa moja hakuna haja ya feni, na kwa huu ugonjwa nadhani hilo dirisha linafanya kazi kuliko vitakasa mikono vyote tulivyonunua. Mama alipewa chumba cha pembeni chenye choo chake bila kuomba, bi mkubwa alisikia tu neno sukari kwenye simu.

Linganisheni na siku tulipokwenda kula mchana kwenye ile hoteli ya "mpendwa", watoto walikua wanataka puli. Mlinzi ana kile kipima joto cha kuelekezea usoni, akanielekezea kikasoma 33.4, akaandika 36.5. Mama 32 na ushee, akaandika 36.5. Nikachungulia daftari, ukurasa mzima wana 36.5, na wa jana yake pia. Nikamuuliza yule mlinzi hicho kinapima, akasema "dada betri imeisha ila lazima tuandike". Kila mtu amevaa barakoa vizuri pale getini alafu ndani bufee moja, kijiko kimoja cha wali kinashikwa na watu mia. Bei ya hicho chakula sitaki hata kuikumbuka.

Kuna ambao hawakuja. Mdogo wangu yupo Leicester, Tanzania wakati ule ilikuwepo kwenye listi nyekundu ya Uingereza, angerudi ilikua lazima alale karantini ya hoteli siku kumi kwa pauni 1,750, zaidi ya milioni tano yetu, hapo tiketi bado. Akasema bora nijengee banda la kuku. Binamu wa Muscat ndo kabisa, Oman ilikua imezuia wanaotoka Tanzania toka Februari 2021, angekuja kazini angerudije? Kwa hiyo vyumba viwili tulivyoshika vikabaki, nikampigia bi mkubwa nimejiandaa kubembeleza, akasema "si nilikwambia inangoja?", kimoja akampa mtu mwingine, kingine akakiacha wazi wakalala watoto, hakudai cha ziada.

Sasa madhaifu. Chandarua cha chumba chetu kina tundu la kupita ngumi na mbu wa Jambiani hawana adabu, tunaikimbia corona tufe na malaria? Nilisema siku ya kwanza nikaletewa uzi na sindano. Maji ya moto hakuna, yapo ya jua, yani jua likiwaka. Na mkono mmoja unaopika maana yake unaagiza pweza saa sita unamla saa tisa, japo yule pweza wa nazi akifika unasahau ulikua umenuna. Bahari ikikupwa inaenda mbali kweli, kama mnataka kuogelea saa yoyote mtaudhika, sie tulitembea kuwaangalia wakina mama wa mwani na watoto waliokota kaa mpaka wakachoka.

Shangazi alipiga nyungu yake kila magharibi nyuma ya jiko, siku ya pili Wapoland wakaomba kujaribu, wakatoka wekundu kama nyanya wanacheka. Kaka kikohozi kiliisha, anasema ni vumbi la Dar, haya. Siku chache baada ya kurudi Rais Samia akachanjwa pale Ikulu mbele ya kamera, tarehe 28 Julai, na vita ya grupu ikahamia huko, Gwajima aliyekua waziri wa afya wakati ule akisema mkachanje, Gwajima askofu, mbunge wa Kawe wakati ule, akisema msichanje, na kaka akiwajibu wote wawili. Mama akaniambia nimpeleke akachanje na asijulishwe mtu.

Bei yetu ilikua elfu sitini chumba cha watu wawili na chai ya asubuhi, maandazi na mbaazi. Analipwa kwa simu au keshi, kadi hana. Chumba cha baharini cha kulia ndo chenye chandarua kibovu, ombeni cha kushoto au bebeni chenu. Chumba cha mdogo wangu kilisogezwa Desemba 2021, Uingereza wangetutoa kwenye listi angekuja, wasingetutoa bi mkubwa alisema angesogeza tena.