PGTune: nyota 4, ila usiiachie usukani wote

Nimeitumia kwenye seva tatu hapa Mbeya so naongea kitu nimekiona. Ni tovuti ya bure, unaingia unaijazia RAM, CPU, aina ya diski na kazi ya databezi, inakutolea setingi za Postgres (programu ya databezi) unakopi unaondoka. Kwa anayeanza sioni cha kulalamika.

Ila haioni data yako wala kwerii zako (maswali unayoiuliza databezi), inajua ulichoiambia tu. Kuna mama ana duka la jumla la mchele na viazi Mwanjelwa, mashine yake ilikuwa na diski ya zamani ile ya kuzunguka, tukanunua SSD nikahamisha karibu kila kitu mpaka faili la konfigu, nikasahau kwamba random_page_cost mle ndani bado ni 4. Ripoti ya deni la mteja mmoja, sekunde 9, na mama kasimama nyuma yangu, "mwanangu, si ulisema hii mpya inakimbia?" Aibu aisee.

Ile 4 inaiambia optimaiza, yaani sehemu ya Postgres inayochagua njia ya kutafuta data, kwamba kurukaruka kwenye diski ni ghali mara 4 kuliko kusoma mfululizo, kwa hiyo inaikimbia indeksi (orodha ya kuifikia row moja kwa moja) inasoma jedwali zima, kama dereva anayekwepa njia ya mkato akidhani bado ni tope kumbe walishaweka lami. Nikaandika SET random_page_cost = 1.1 kwenye seshen yangu tu, EXPLAIN ANALYZE tena (inakuonyesha njia iliyotumika na muda wake), Seq Scan ya kusoma jedwali zima ikapotea ikaja Index Scan ya kupitia indeksi, sekunde haikufika. PGTune nayo ukichagua SSD inakupa hiyo hiyo 1.1, so kosa lilikuwa langu.

Mkono umeishinda PGTune hapa: mauzo ya miaka ya nyuma niliyaacha kwenye diski ya zamani, tablespace yake peke yake (sehemu ya diski unayoipangia majedwali), sasa 1.1 ilipokuwa ya seva nzima ripoti za mwaka zikaanza kukokota kuliko mwanzo maana kule 1.1 ni uongo. Nikapiga ALTER TABLESPACE nikarudisha 4 kule tu, kwisha. Fomu ya PGTune inauliza diski ya aina moja.

Na jamani msikimbilie namba za gharama kabla ya ANALYZE, amri ya kuhuisha takwimu za majedwali ambazo optimaiza inakadiria nazo; ukiona makadirio yanasema row 12 halafu zinatoka elfu 30, hapo mara nyingi takwimu ndo zimechakaa. cpu_tuple_cost na ndugu zake, namba za gharama ya CPU, sijazigusa hata siku moja.

Mama siku hizi analalamikia printa.