Mfuko wa Mpira wa Maji ya Moto: Tathmini Baada ya Miezi Mitano

Kwa miezi mitano sasa, kila usiku kabla ya kulala, nimekuwa nikichemsha maji, nikiyamimina katika mfuko wa mpira wenye ujazo wa lita mbili, nikiuvika kifuniko chake cha uzi wa sufu na kuutanguliza kitandani. Niliununua kwa sababu ya kawaida kabisa. Kazi yangu ni ya kukaa mezani mchana kutwa, na jioni ikifika mabega huwa yamekaza, nyayo zimepoa, na akili ingali inazunguka kwenye mambo ya kazini hata baada ya taa kuzimwa. Nimeamua kuandika tathmini hii kwa kirefu kwa sababu maelezo yanayouzwa pamoja na mifuko ya namna hii aghalabu hayazidi mistari michache, ilhali mambo yanayoamua kama mfuko utakuletea raha au utakuunguza ni mengi kuliko hayo.

Mfuko wangu ni wa mpira asilia. Upande mmoja una mistari iliyoinuka na upande wa pili ni laini. Mistari ile si pambo tu, kwani huacha nafasi ndogo za hewa kati ya mpira na kitambaa, na kwa hiyo upande huo hutoa joto la upole zaidi. Mdomo umepanuliwa kama faneli, na kizibo ni cha plastiki ngumu, kinafungwa kwa kuzungushwa, na chini yake kuna pete ya mpira inayozuia maji yasivuje. Kifuniko kimefumwa kwa uzi mnene, na kwa maoni yangu nusu ya thamani ya bidhaa hii imo humo. Mpira mtupu ukigusa ngozi unachoma na kunata. Ukiwa ndani ya sufu, joto linapenya taratibu na mkono unatamani kubaki pale pale.

Namna ya kuujaza inastahili kuelezwa kwa makini, maana hapo ndipo wengi hukosea, na ndipo nami nilipoanza kuupenda. Sitii maji yanayotokota. Birika likishachemka huliacha litulie kwa dakika kadhaa, kisha huongeza maji kidogo ya baridi, kwa sababu maji yanayochemka huuchosha mpira mapema na yakiruka huunguza vidole papo hapo. Huushika mfuko shingoni, ukiwa umesimama wima, na kumimina polepole hadi theluthi mbili ya ujazo wake. Halafu huulaza juu ya meza na kuukandamiza kwa kiganja. Hewa hutoka ikipumua, maji yanapanda shingoni, na yanapoonekana tu yaking'aa chini ya mdomo, hapo hapo hukaza kizibo. Mwisho huupindua juu ya sinki na kuuminya kidogo ili nione kama kuna tone linalopenya. Mfuko uliotolewa hewa hulala kwenye mwili kama kitu kilicho hai, hufuata mkunjo wa kiuno na wa tumbo, wala haupigi kelele za maji ukigeuka. Usipoitoa hewa, unalala na dude lililovimba linalosukasuka usiku kucha.

Shughuli hiyo yote huchukua muda usiozidi dakika kumi, na baada ya wiki chache niligundua kwamba dakika hizo zenyewe ni sehemu ya mapumziko. Mtu hawezi kumimina maji ya moto kwenye mdomo mwembamba huku anasoma ujumbe kwenye simu. Lazima mikono yote miwili iwepo na macho yawepo. Nikimaliza, siku imekwisha. Sirudi tena mezani.

Joto hilo hudumu kwa sababu ya tabia ya maji yenyewe. Ili kilo moja ya maji ipande joto kwa nyuzi moja ya Sentigredi inahitaji takribani kilojuli 4.2, kiasi kinachokaribia kuwa mara tisa ya kile kinachohitajiwa na chuma cha uzito huo huo. Kwa hiyo lita moja na theluthi, ikipoa kutoka nyuzi 65 hadi 40, inaachia karibu kilojuli 140, na sufu pamoja na blanketi vinahakikisha kwamba kiasi hicho kinatoka kidogo kidogo. Ninapoujaza saa nne usiku, hadi saa kumi na moja alfajiri huwa bado ni vuguvugu. Sijaona upungufu katika hilo. Kwangu, uzuri mkubwa wa mfuko huu ni kwamba joto lake linashuka lenyewe pamoja na usingizi, bila kuamriwa na swichi, na asubuhi unakuta limekwisha kazi yake.

Usingizi wenyewe ndio ulionishangaza. Nilidhani mfuko ungenipa faraja ya kitandani tu, lakini tangu wiki ya kwanza nilianza kulala mapema zaidi, hasa nilipouweka miguuni badala ya tumboni. Kuna maelezo ya kisayansi. Tunapokaribia kulala, mwili hupunguza joto lake la ndani kwa kulitoa kupitia mikono na miguu, ambako mishipa ya damu hutanuka na kuleta damu ya joto karibu na ngozi. Mwaka 1999 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo katika jarida la Nature yaliyoonyesha kwamba kutanuka huko kwa mishipa ya mikononi na miguuni ni dalili inayotabiri vizuri jinsi mtu atakavyowahi kupata usingizi. Nyayo zilizopoa, kwa hiyo, ni kama mlango uliofungwa, na kuzipasha joto ni kuufungua. Ninachofanya ni kuutanguliza mfuko chini ya blanketi robo saa kabla sijaingia, upande wa miguuni, na ninapopanda kitandani nausogeza pembeni kidogo ili nyayo ziwe karibu nao bila kuukalia. Mara nyingi nimeshikwa na usingizi wa pono kabla sijamaliza kuwaza nilichokuwa nawaza.

Kwa mabega na kiuno pia umenifaa. Jioni, nikiwa nimeketi, nauweka kati ya mgongo na kiti kwa dakika ishirini, na misuli iliyokuwa imejikunja huanza kulegea yenyewe. Joto huongeza mtiririko wa damu mahali linapowekwa na hupunguza ukakamavu wa misuli. Kwa wanawake wanaosumbuliwa na maumivu ya hedhi, faida yake imepimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliotumia bandiko lenye joto la takribani nyuzi 39 likiwekwa tumboni kwa saa nyingi mfululizo, ulionyesha nafuu inayokaribiana na ile ya dawa ya ibuprofeni. Zingatia kiwango hicho cha joto. Ni joto la chini sana, juu kidogo tu ya lile la mwili, na nafuu ilitokana na kudumu kwake. Anayeujaza maji makali akidhani atapona haraka anajitafutia madhara bure.

Niseme sasa kuhusu mfuko wangu wa kwanza, kwa kuwa huu ninaousifu ni wa pili. Ule wa kwanza niliununua kwa haraka, ukiwa umefungwa vizuri katika boksi na unaonekana mpya kabisa. Usiku wa tisa niliamka nikiwa nimelowa kuanzia kiunoni hadi magotini. Mshono wa pembeni ulikuwa umeachia urefu wa ukucha, na maji yalikuwa yanatiririka kimya kimya kwenye godoro. Nilibahatika kwamba yalikuwa yamekwisha kupoa. Asubuhi niliukagua mchana kweupe, na chini ya shingo nikakuta alama ambayo sikuwa nimewahi kuitilia maanani: ua dogo lililochorwa ndani ya mpira wenyewe. Ua hilo ndilo tarehe ya kutengenezwa. Namba iliyo katikati ni ya mwaka, petali kumi na mbili ni za miezi, na vitone vilivyo ndani ya petali ni vya wiki. Mfuko niliouita mpya ulikuwa na umri wa miaka minne.

Mpira huzeeka hata usipotumiwa. Oksijeni ya hewani, mwanga wa jua, joto na mafuta huufanya uwe mkavu na mgumu, kisha hupasuka penye mikunjo na mishono. Ndiyo sababu ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuubadilisha baada ya miaka miwili hivi, na ndiyo sababu ninamsihi kila anayenunua aombe kuutoa mfuko kwenye boksi na kulitazama ua kabla ya kulipa. Muuzaji aliyeniuzia ule wa kwanza aliniambia kwamba mpira hauozi. Sidhani alikusudia kunidanganya, lakini kauli hiyo si kweli. Tazama pia kama umeandikwa kiwango cha ubora. Kile cha Uingereza, kwa mfano, ni BS 1970:2012.

Inafaa kukumbuka kwamba mpira uweze kustahimili maji ya moto ni jambo lililopatikana kwa jasho. Mpira asilia usiotiwa kitu hulainika na kunata ukipata joto, na hukakamaa kwenye baridi. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hubaki imara na wenye kunyumbulika, akapata hataza mwaka 1844. Kabla ya hapo watu walipasha vitanda vyao kwa sufuria za shaba zenye makaa ndani, au kwa chupa za udongo zilizofungwa kwenye kitambaa. Ninapolala na mfuko huu nashukuru kwamba sikuzaliwa zama za makaa.

Kuhusu usalama sitazunguka. Ngozi huweza kuungua kwa joto la nyuzi 44 tu ikiwa litagusana nayo kwa takribani saa sita, na mtu aliyelala hahisi hatari ikijengeka. Kifuniko hakivuliwi. Usiuweke chini ya mwili wako ukaulalia, kwa sababu uzito unaukandamiza mshono na unazuia joto lisitoke. Watoto wachanga wasiwekewe kabisa, na mtu mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisi, au mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba, aupashe kitanda kwa mfuko kisha autoe kabla ya kuingia. Jeraha jipya lililovimba nalo halitaki joto. Ukiona ngozi ya mahali unapouweka kila siku imeanza kupata madoa ya wekundu au kahawia yaliyosukana kama wavu, acha kuuweka hapo na umwone daktari. Ni dalili ya joto lililozidi muda.

Kasoro za mfuko huu zipo. Wiki tatu za kwanza ulikuwa na harufu kali ya mpira iliyoshika hata kwenye shuka, na haikuisha mpaka nilipouosha ndani mara kadhaa kwa maji ya uvuguvugu na kuuacha wazi mchana kutwa. Kizibo kinateleza mkono ukiwa umelowa, na mtu mwenye baridi yabisi vidoleni angepata taabu ya kweli kukikaza. Laiti mtengenezaji angekifanya kipana zaidi na kukitia masikio mawili. Kifuniko kinafunguka kwa juu tu, kwa hiyo kukivua ili kukifua ni kazi ya kuvutana.

Nimewahi pia kutumia mto wa umeme wa kupasha joto, na ninakubali kwamba ni rahisi zaidi: unabonyeza, unapata. Lakini joto lake ni lile lile saa zote, waya unakufuata kila unapojigeuza, na mimi binafsi nilikuwa nikilala nusu macho nikijiuliza kama nimeuzima. Mifuko ya nafaka inayopashwa kwenye maikrowevu ni mizuri kwa shingo, ila hupoa mapema mno kwa anayetafuta joto la usiku mzima.

Mchana huumwaga wote, nikautundika kichwa chini bila kizibo, mahali pakavu na mbali na dirisha, ili ndani pakauke. Umenyauka kidogo kwenye mstari wa kukunjia, lakini mshono ungali mzima na pete ya kizibo bado ni laini. Nimeandika tarehe ya petali yake kwa kalamu kwenye lebo ya kifuniko, na miaka miwili ikitimia nitanunua mwingine wa aina hii hii, kwa sharti la kulitazama ua kwanza.