Nitrati hazishuki tangini: ununue nini kwanza ukiwa Malindi

Usinunue skima bado, ile mashine inayotoa uchafu wa maji ya tangi kwa povu. Najua ndiyo ya kwanza utakayotajiwa ukilalamika kwamba nitrati, yaani kile kinachobaki uchafu wa samaki ukishaoza, hazishuki. Mimi niliinunua. Niliiagiza Nairobi, ikaja na basi la usiku imefungwa kwa magazeti, ikatoa povu lake jeusi linalonuka vizuri kabisa, na nitrati zikabaki palepale. Tangi langu ni la maji ya chumvi, lita 200, liko sebuleni Maweni, lina samaki watano na matumbawe laini. Kila Ijumaa nilibadilisha lita 40, kila Ijumaa nilipima: miligramu 60 kwa lita, 55, tena 60. Matumbawe yalijikunja, kioo kikaota ukungu wa kijani, na mimi nilikuwa nimeshatumia pesa.

Kwa hiyo kabla ya orodha yenyewe, anza na kitu kidogo kuliko vyote: kifaa cha kupimia cha matone. Nunua cha nitrati na cha fosfati, ambayo ni chakula kingine cha mwani, na uangalie tarehe ya mwisho kwenye chupa zenyewe, si kwenye boksi tu, kwa sababu dawa iliyokaa dukani kwenye joto letu haiaminiki. Kuna mambo mawili watu hukosea. Katika vifaa vingi, chupa moja ina unga unaotuama chini. Usipoitikisa nusu dakika nzima utasoma namba ndogo na kufurahi bure. Halafu soma karatasi ya maelezo: vifaa vingine hupima nitrojeni peke yake, na hapo unazidisha kwa 4.4 ili kupata nitrati. Mtu anayejisifu kwamba ana 10 huenda ana 44.

Siku moja matone yalinibakia, nikapima maji ya kisima niliyokuwa najazia tangi. Kijibomba kikaiva wekundu kama juisi ya rosela. Thelathini. Nikarudia, thelathini tena. Nyumba zetu zimekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe yenye matobo, na vyoo vya shimo haviko mbali na visima, sikupaswa kushangaa. Sasa piga hesabu. Kwa joto na feni, tangi langu hupoteza lita 4 kwa siku. Maji hupanda hewani, nitrati hubaki. Lita 4 zenye miligramu 30 kila moja ni miligramu 120 kwa siku, yaani 0.6 kwa kila lita ya tangi. Kwa mwezi ni 18, hata kabla samaki hajala. Na ule ubadilishaji wa Ijumaa, chumvi nikiikorogea maji yaleyale ya kisima, ulikuwa unanitoa 60 na kunifikisha 54 tu. Kwa maji yasiyo na nitrati ungenifikisha 48, na awamu tano mfululizo zingeikaribia 20.

Basi namba moja ni maji safi, na yanashinda kwa mbali. Ukiwa na tangi chini ya lita 300, usinunue mashine. Nenda kwa wauza maji ya kujaza mitungi, wale wanaochuja kwa RO, yaani kwa kusukuma maji yapite chujio lenye matundu madogo mno, uchukue mtungi mmoja, ukaupime nyumbani. Ukisoma sifuri, umepata duka lako. Wengine huongeza madini kidogo ili maji yawe na ladha, na kwa tangi hilo halina shida kubwa. Kuna kalamu ya kupima madini yaliyoyeyuka, ni rahisi na inafaa kuwa nayo, ila haikuambii kama kilichoyeyuka ni nitrati au chokaa. Mwenye tangi kubwa ndiye anunue mashine yake, yenye chujio la RO na resini mwishoni, zile chembe za kunasa madini yaliyobaki. Ajue mambo haya: inataka msukumo wa maji, kwa hiyo huenda akahitaji pampu, inamwaga lita tatu au nne kwa kila lita moja nzuri, na maji ya kisima chenye chumvi huua chujio haraka.

Kuna maji ya bahari, ya bure, na hapo ndipo wenzetu wa bara hutuonea wivu. Mara ya kwanza nilishuka pwani na madumu manne mwezi wa Januari, bahari imetulia kama sahani. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu akaniangalia weee, akasema, "Mwanangu, chai hiyo waipeleka wapi?" Nikatazama vizuri: kweli, rangi ya chai ya maziwa. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji. Wakati wa kusi matope yake husukumwa upande wa Mambrui na kuendelea. Wakati wa kaskazi hurudi kwetu, hasa mvua za vuli zikiwa zimenyesha huko juu. Kwa hiyo utulivu wa kaskazi unadanganya. Nikamuaga na kurudi na madumu matupu. Siku hizi namlipa kijana mwenye mashua anichotee nje ya mawimbi, maji yakiwa yamejaa, siku yasiyo na rangi, na nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari, iliyopo tangu 1968. Nayaacha ndani ya pipa lenye kifuniko, na pampu ikizunguka, kisha nayapima nitrati na chumvi kabla ya kuyatumia. Yanayochotwa karibu na mifereji ya hoteli usiyaguse hata ukipewa.

Namba mbili ni mwani, na hapa najua tutagombana. Wengi wangeweka skima. Mimi nahesabu stima inavyopotea huku kwetu, na mwani haufi kwa saa tatu za giza. Unahitaji kisanduku cha kuning'inia nyuma ya tangi, taa ndogo ya LED, na bonge la mwani wa nyuzi ulionunuliwa kwa mfugaji mwenzako, si uliong'olewa hifadhini. Taa hiyo uiwashe usiku, taa ya tangi ikiwa imezimwa. Ila kumbuka: nitrati hazijatoka mpaka wewe uvune. Mimi hutoa konzi moja kila baada ya wiki mbili. Ukiona mwani haukui na nitrati bado ziko juu, pima fosfati. Ikiwa imekwisha kabisa, mwani umekosa chakula cha upande mmoja.

Skima ni ya tatu. Ni chombo kizuri, lakini haitoi nitrati. Inatoa uchafu kabla haujaoza ukawa nitrati. Wageni wanaohama huuza zilizotumika, na sioni ubaya. Omba iwashwe ukiwa hapohapo, sikiliza mlio wa pampu, ifungue uone kama propela ya pampu imemeguka. Chokaa iliyoganda hutoka kwa siki.

Na siki yenyewe ni ya nne. Chupa ya siki nyeupe ni bei ya chini kuliko kitu chochote humu, nayo inafanya kazi kwelikweli: bakteria wanakula kaboni yake, wanakula nitrati pamoja nayo, kisha skima inawatoa. Wengine ng'ambo hutumia vodka. Nyumbani kwangu hilo halijadiliwi, na siki haina upungufu wowote. Nilianza na mililita 2 kwa siku, asubuhi taa zikiwaka, nikaongeza moja kila wiki. Kisha tamaa ikaniingia, nikarukia 15. Kesho yake maji yamekuwa kama tui jepesi, na saa mbili usiku stima ikakatika. Bakteria wengi hivyo wanavuta hewa yote. Samaki wote watano walikuwa juu wakihema midomo wazi. Nilikoroga maji kwa kikombe hadi saa tano. Asubuhi nilinunua pampu ya hewa ya betri, na bila hiyo, pamoja na skima, siki usiiguse.

Vilivyobaki sitavikalia. Vifuko vingi vya kufyonza nitrati vimekusudiwa maji matamu. Hivyo kwenye chumvi havifai. Bakteria wa chupa ni bahati nasibu. Vidonge vya plastiki vya kulisha bakteria ni ile siki kwa bei kubwa, na mtambo wa salfa, ambamo bakteria wa salfa huondoa nitrati, unataka mtu mwenye tangi kubwa na subira ya kudhibiti matone. Sponji la kuchujia, ambalo unalo tayari, lioshe kila siku mbili tatu, na kamba wa barafu wa kulisha samaki wasuuze kabla ya kuwatia.

Wiki iliyopita nilisoma 8, na sitaki sifuri: tangi likikauka nitrati na fosfati, matumbawe hupauka na utando wa kahawia wenye mapovu hujaa kwenye mchanga. Kisima bado nakitumia. Namwagilia mpapai uani, na mwaka huu umezaa mpaka nimeuegemeza kwa mti.