TAHADHARI: Unga wa "kusawazisha homoni" unaotembezwa Dodoma

Wana Dodoma, hasa mnaotafuta mtoto: kuna wauzaji wanazunguka minadani na kwenye magrupu ya WhatsApp na kimashine cha "kupima homoni". Unashika chuma mkononi dakika moja, kompyuta inatoa karatasi iliyojaa nyekundu, halafu unauziwa kopo la unga lisilo na jina la mmea hata mmoja.

Chuma hicho hakigusi damu. FSH na LH, homoni za ubongo zinazoamsha ovari na korodani, kwa mwanamke hupimwa kwenye damu ya mshipa, siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Projesteroni, homoni inayoonyesha kama yai limetoka, hupimwa siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mpimaji asiyekuuliza hedhi ilianza lini hajapima kitu. Mwanaume hupimwa shahawa, akiwa amekaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Kiganja hakihusiki.

Lakini kopo lenyewe ndilo la kuogopa. Ukiwabana, wanataja mwarobaini na mbegu za papai. Jamani! Mafuta ya mwarobaini huua mbegu za kiume yakikutana nazo, na majani yake yamepunguza idadi na mwendo wa mbegu kwa panya dume. Dondoo ya mbegu za papai, katika majaribio ya India kwa kima aina ya langur, ilizifuta mbegu zote; zilirudi baada ya dawa kusimamishwa. Yaani anayetafuta mtoto anameza kinachochunguzwa kama uzazi wa mpango. "Ni ya asili" si kinga: gosipoli, kemikali ya mbegu za pamba, ilijaribiwa China kama uzazi wa mpango kwa wanaume miaka ya 1970, na wapo ambao mbegu zao hazikurudi tena.

Unga unaoleta nguvu usiku uleule uutilie shaka kuwa umechanganywa sildenafili (dawa ya nguvu za kiume, Viagra) ya kusaga. Kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati, presha huporomoka ghafla. Unga huo ukiwa umechanganywa testosteroni (homoni ya kiume), ubongo hupunguza LH na FSH, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, kwa hiyo ahadi ya "siku 7" ni ya kuuzia tu.

Kuhusu vidonge vya kuweka ukeni "kuzibua mirija ya uzazi": ule "uchafu" unaotoka mara nyingi ni utando wa uke uliochubuliwa na dawa. Mrija wenye kovu hauzibuliwi na unga.

Wakikuonyesha karatasi ya Mkemia Mkuu, kumbuka inahusu sampuli iliyopelekwa maabara, siyo kopo ulilouziwa. Waulize namba ya usajili ya mganga na ya dawa kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kisha uihakiki kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri kabla ya kutuma pesa.

Uliyekwisha kutumia, acha sasa, ila kopo usilitupe. Nenda nalo hospitali likiwa na unga uliobaki, na mwanaume arudie kipimo cha shahawa baada ya miezi 3.