Ranfleti yenye bima au tairi la kawaida na spea: tathmini baada ya kutumia yote mawili

Gari langu lilitoka kiwandani na matairi ya ranfleti, yaani yale yanayoendelea kutembea hata upepo ukiisha, na chini ya zulia la buti hapakuwa na spea wala jeki. Siku ya kulichukua niliuziwa pia bima ya matairi na rimu. Niliyatumia matairi hayo, pamoja na bima yake, kwa zaidi ya miaka miwili, kisha nikahamia matairi ya kawaida na spea. Kwa kuwa uamuzi huu mara nyingi hufanywa kwa haraka mezani kwa muuzaji, nimeona niandike kwa kirefu yale ambayo mimi sikuelezwa.

Niyape haki yake kwanza. Ubavu wa ranfleti umeimarishwa kwa mpira mnene na mgumu ambao hubeba uzito wa gari wakati ndani hamna upepo, na kiwango kinachotajwa na watengenezaji wengi ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, ingawa gari lililojaa watu na mizigo huenda lisifike huko. Taa ya onyo iliponiwakia mara ya kwanza ilikuwa usiku, mvua inanyesha, watoto wamelala kiti cha nyuma, na barabara haikuwa na bega la kuegesha. Nilipunguza mwendo nikaendelea hadi nyumbani. Usukani haukuvuta upande wowote, na nisingekuwa na sensa za upepo nisingejua kabisa kwamba nina pancha. Ndiyo maana matairi haya hayafai kufungwa kwenye gari lisilo na sensa hizo. Usiku ule niliyashukuru kwa dhati, na hadi leo siwezi kumbeza mtu anayeyachagua kwa sababu hiyo peke yake.

Asubuhi yake ndipo nilipoona upande wa pili. Fundi alichomoa msumari mmoja katikati ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayogusa barabara, tundu lenyewe halizidi unene wa njiti ya kiberiti, pancha ambayo kwenye tairi la kawaida lililosimamishwa mapema huzibwa kwa kiraka cha ndani na safari ikaendelea. Alilitoa tairi kwenye rimu, akapitisha vidole ndani ya ubavu, akanionyesha unga mweusi uliobaki kwenye ncha za vidole vyake. Ulikuwa ni mpira uliosagika wakati nikitembea bila upepo. Alikataa kuliziba, nami naamini alifanya sawa, kwa sababu udhaifu wa ubavu uliokwisha kuumia hauonekani wote kwa macho, na watengenezaji wengi hawaruhusu tairi la namna hiyo kurudishwa barabarani. Hivyo msumari mdogo uligharimu tairi zima.

Hapo ndipo bima ilipotakiwa kufanya kazi, nayo ilifanya, lakini kwa namna ambayo sikuitarajia. Ililipa tairi moja lililoharibika, tena kwa kukata kwenye malipo thamani ya kashata iliyokwisha kutumika. La upande wa pili, ambalo ilibidi libadilishwe ili mawili ya ekseli moja yalingane, nililigharimia mwenyewe. Baya zaidi, saizi yangu haikuwepo dukani, na gari lilikaa siku nne likisubiri iagizwe. Bima hulipia tairi lakini haiwezi kulifikisha mahali ulipokwama, na mtu anayesafiri mbali na maduka makubwa anapaswa kulitafakari jambo hili kabla ya kutia saini. Asome pia mkataba wenyewe: matairi mangapi hulipwa kwa mwaka, kama rimu iliyopinda kwenye shimo inahesabiwa, na kama kuchubuka kwa rimu na kuisha kwa kashata kumeondolewa, kama inavyokuwa katika mikataba mingi.

Matairi ya kawaida yalibadilisha gari langu tangu kilomita ya kwanza. Mashimo ambayo zamani yaligonga hadi mgongoni sasa hupita kwa ulaini, kwa kuwa ubavu unakunjika kama inavyopaswa, na ninapohitaji tairi ninapata aina nyingi za kuchagua kwa gharama ndogo zaidi. Nilihakikisha uwezo wa kubeba uzito ulioandikwa ubavuni haupungui ule uliowekwa na kiwanda, na sensa nikaziacha zilivyo.

Spea nayo ina masharti yake. Nilichagua ya saizi kamili badala ya ile nyembamba ya muda, ambayo kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa na huhitaji upepo mwingi, mara nyingi psi 60. Kwa kuwa gari langu halikutengenezewa nafasi ya spea, imefungwa kwa mkanda ndani ya buti na imemeza karibu theluthi ya nafasi ya mizigo, hasara ninayoiona kila safari ya familia. Nilijaribu pia kulegeza nati zote nyumbani kabla ya kuzihitaji njiani. Mbili zilikuwa zimekazwa kwa mashine kiasi kwamba spana iliyokuja na jeki haikuzitikisa, nikanunua yenye mkono mrefu.

Kwa safari zangu, ambazo nyingi ni ndefu na hupita sehemu zisizo na duka la matairi, spea imeshinda bila shaka. Gari la mama yangu, ambaye huendesha peke yake na hawezi kuinua gurudumu, nimeliacha na ranfleti zake, na mwezi uliopita nilimlipia bima yake ya mwaka mwingine.