Pango la Noeli la mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mtwara

Pango hili, lenye sanamu za Familia Takatifu, wachungaji, Mamajusi, ng'ombe na punda, tulilinunua kwa wachongaji wa Kimakonde mjini Mtwara kabla ya Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Noeli, na lilikaa sebuleni kwetu hadi Tokeo la Bwana, sikukuu ya Mamajusi kumfikia Mtoto Yesu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa pango kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alitaka waamini waone kwa macho yao ufukara aliozaliwa nao Bwana, na kwa kipimo hicho kazi hii imefaulu kuliko mapango ya plastiki yenye taa za kumetameta yanayojaa madukani kila Desemba.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye hori. Mpingo una kiini cheusi kilichozungukwa na tabaka jembamba la rangi ya njano hafifu, ambalo kwa kawaida huchongwa likaisha lote. Hapa fundi ameliacha makusudi, likawa nyasi za hori na nguo alizoviringishiwa Mtoto, huku uso wake ukibaki mweusi kama wetu, vyote katika kipande kimoja cha mti bila gundi wala rangi. Miongoni mwa wachungaji yumo bibi kizee mwenye ndonya, kile kipande cha urembo cha wanawake wa Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, amepiga magoti, na nyuma ya kanga yake alama za tezo bado zinaonekana. Huyo nampenda sana.

Nyumba yetu iliingia Majilio ikiwa na msiba, na jioni umeme ulipokatika tuliwasha mshumaa mmoja mbele ya pango na kusali hapo hapo. Sanamu zote zilipotea gizani isipokuwa zile nyasi na zile nguo, nami nikalielewa upya neno la nabii Isaya linalosomwa katika misa ya usiku wa Noeli, kwamba nuru iliwazukia watu wakiwa bado wanakaa katika nchi ya giza, haikungoja kwanza giza lao liishe. Tumaini la Mkristo aliyefiwa limesimama hapo, na ninashukuru kwamba mikono ya fundi ilinisaidia kuliona.

Kasoro zipo. Nyota imefungwa kwa waya dhaifu na huinama, na punda si wa mpingo: ni mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu, ambayo iliachia weusi kwenye kitambaa cha meza. Mnunuzi aombe kutumbukiza sanamu kwenye ndoo ya maji kabla ya kulipa, kwa kuwa mpingo halisi huzama. Anayetaka seti kamili aagize miezi kadhaa kabla ya Krismasi, na amwombe fundi asiliondoe lile tabaka la nje kwenye hori.